Msaada Wenye Tarehe

Mtu aliyekaa Riruta, Nairobi, kwa muda mrefu huikumbuka miaka kwa majina ya miradi. Mwaka wa 2009 ulikuwa wa Kazi kwa Vijana, mpango ulioratibiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu, ambapo vijana walizibua mitaro na kufyeka kando ya barabara kwa malipo ya siku, hadi mwaka wa 2011 maswali kuhusu matumizi ya fedha yalipozuka na Benki ya Dunia ikaondoa mkono wake. Kabla yake kulikuwa na Hazina ya Vijana ya 2006 na Hazina ya Wanawake ya 2007. Baada yake ikaja Uwezo ya 2013. Mwaka wa 2020 ulileta Kazi Mtaani, na pamoja nayo pesa za korona zilizotumwa kwa simu. Mwishoni mwa 2022 ikazinduliwa Hazina ya Hustler, na siku hizi vijana wanaulizana kuhusu mradi wa NYOTA. Kila mradi ulikuja na fomu yake, orodha yake, mkutano wake kwa chifu na namna yake ya kuchagua watu, na ulipokwisha uliondoka na orodha hiyo. Anayeenda leo kuomba msaada au kutafuta kazi huanza upya, kana kwamba serikali haijawahi kuliona jina lake. Kutokana na mfululizo huo nimefikia hitimisho moja ambalo nataka kulitetea hapa. Kinachozikwamisha familia za kipato cha chini si udogo wa msaada peke yake. Kinachozikwamisha zaidi ni kutojua msaada utafika lini, utakoma lini na utamfikia nani. Kiasi kidogo chenye tarehe huijenga familia kuliko kikubwa cha kubahatisha, na huduma ya kuwatafutia watu kazi haiwezi kufaulu mpaka isimame juu ya msingi huo.

Kwanza tuitazame mitaa ninayoizungumzia, yaani Riruta, Kawangware na Kibera, kwa sababu mipaka yake ni sehemu ya tatizo. Riruta iko katika eneo bunge la Dagoretti Kusini. Kawangware na Gatina ziko Dagoretti Kaskazini, pamoja na Kileleshwa na Kilimani ambako wengi wa wakazi wa Kawangware na Gatina huenda kufua, kupika na kujenga. Kibera ina eneo bunge lake, Kibra, tangu 2013. Kabla ya hapo ilikuwa chini ya Lang'ata. Kwa miguu hizi ni jirani. Kwa makaratasi ni dunia tofauti. Familia ikihama kutoka Gatina kwenda Kabiria kutafuta nyumba ya bei nafuu, imevuka mpaka: chifu mpya, mbunge mpya, kamati mpya ya basari, mzee wa mtaa asiyewajua. Na familia hizi huhama, kwa sababu karibu wote ni wapangaji. Halafu kuna suala la nani anaonekana. Kwa miaka mingi ilisemwa duniani kote kwamba Kibera ina watu milioni moja au zaidi. Sensa ya 2009 ikahesabu watu 170,070, na ile ya 2019 ikaipa kaunti ndogo ya Kibra watu 185,777. Kaunti ndogo ya Dagoretti, iliyo na mitaa ya uwezo tofauti, ilipata 434,208 katika sensa hiyo hiyo. Wageni, mashirika na kamera vilikwenda Kibera. Kawangware na vijiji vya ndani vya Riruta vilibaki na maskini wale wale bila umaarufu. Sisemi Kibera ilipewa kupita kiasi; watu wake wanaweza kueleza vizuri jinsi miradi mingi iliyotajwa kwa jina lao isivyofika mlangoni. Nasema kwamba msaada unaofuata umaarufu wa mtaa hauwezi kuwa na tarehe, kwa sababu umaarufu hauna tarehe.

Kwa nini tarehe iwe na uzito kiasi hiki? Jibu limo katika jinsi nyumba ya kipato kidogo inavyoendesha fedha zake. Kodi inadaiwa kabla ya tarehe tano ya mwezi, na mwangalizi wa ploti hasikilizi maelezo marefu. Unga, mafuta na sabuni huchukuliwa dukani na kuandikwa kwenye daftari. Chama kinakutana kila wiki na zamu haisogezwi. Karo ina siku yake, na mtoto ambaye haijalipwa hurudishwa nyumbani. Mapato ndiyo yasiyo na siku: mama fua anapata leo na kukosa kesho, kijana wa mjengo anafanya kazi wiki mbili, kisha saruji inakwisha na mwenye nyumba anasimamisha ujenzi. Familia hizi hujua kupanga fedha kuliko watu wengi wenye mishahara, kwa maana hulazimika kuzipanga kila asubuhi. Wanachokosa ni kitu kimoja cha uhakika cha kuushikilia mpango huo. Mwenye duka yuko tayari kukopesha shilingi 2,000 kwa mtu ambaye fedha zake hujulikana zinaingia siku fulani. Kwa asiyejua fedha zake zitaingia lini, hakopeshi, au anakopesha kwa bei ya juu, au mtu anaingia kwenye mikopo ya simu ambayo riba yake inakula kesho yake. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na katika mitaa hii maana yake si ya kitamathali.

Tuuchukue kwa mfano mpango wa serikali wa Inua Jamii. Ulianza mwaka wa 2004 kama majaribio ya kusaidia familia zinazolea mayatima, kwa shilingi 500 kwa mwezi. Ukaongezewa wazee mwaka wa 2007, watu wenye ulemavu mkali mwaka wa 2011, na tangu 2018 kila mwenye miaka 70 na zaidi asiye na pensheni ya serikali anastahili. Haya ni mafanikio ya kweli na hayapaswi kubezwa. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inasema wazi kwamba serikali itampa hifadhi ya jamii asiyeweza kujikimu na wanaomtegemea, na Inua Jamii ndiyo sura inayoonekana zaidi ya ahadi hiyo. Lakini kiwango kimekwama kwenye shilingi 2,000 kwa zaidi ya miaka kumi, na kila anayenunua unga anajua kwamba elfu mbili ya wakati ule na ya sasa si kitu kimoja. Kibaya zaidi, malipo yenyewe yamezoea kuchelewa, wakati mwingine kwa miezi mingi, kisha yanatoka kwa mkupuo baada ya malalamiko bungeni na magazetini. Wizara husema fedha zimelipwa zote, hakuna aliyedhulumiwa. Kihesabu ni kweli. Lakini bibi aliyesubiri miezi sita na kupokea 12,000 hakupokea sawa na yule ambaye angepata 2,000 kila mwezi. Yeye ameshakopa, ameshauza, ameshakosa dawa. Fedha zinapofika zinakwenda kulipa madeni ya kusubiri. Ucheleweshaji ni kato ambalo halionekani kwenye hesabu za Hazina ya Kitaifa.

Ushahidi mzuri zaidi ninaoujua kuhusu thamani ya uhakika haukutoka Nairobi bali kaunti za Siaya na Bomet. Huko shirika la GiveDirectly limekuwa likitoa fedha kwa vijiji vizima, na wachumi wakifuatilia. Vijiji vingine vilipewa kiasi kidogo, takriban senti 75 za dola kwa siku, vikiambiwa kitadumu miaka 12. Vingine vikapewa kiasi kile kile lakini kwa miaka miwili tu. Vingine vikapewa zote za miaka miwili kwa mkupuo. Matokeo yaliyotolewa mwaka wa 2023 yalionyesha kwamba waliohakikishiwa miaka 12 walianzisha biashara na kuongeza mapato kuliko waliohakikishiwa miaka miwili, ingawa hadi takwimu zilipokusanywa kila kundi kati ya hayo mawili lilikuwa limepokea kiasi kile kile kila mwezi. Tofauti ilikuwa kile walichojua kuhusu kesho. Waliopewa mkupuo nao walifanya vizuri, jambo ambalo mtu anaweza kuliona linapingana na hoja yangu. Silioni hivyo. Fedha iliyo mkononi tayari nayo ni ya uhakika. Na wale wa miaka 12 walitumia vyama vya kupokezana kuyageuza malipo ya mwezi kuwa mkupuo pale walipouhitaji. Wangeingiaje kwenye zamu ya chama kama hawangejua fedha zitakuja?

Utafiti huo unajibu pia lile pingamizi la kale kwamba msaada huzaa uvivu. Ni pingamizi linalosemwa kwa nguvu hata na watu wa mitaa yetu, wanaojivunia kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na nawaelewa. Anayeamka saa kumi alfajiri kutembea hadi Industrial Area hapendi kusikia kwamba jirani analipwa kwa kukaa. Ila ukweli ni kwamba Siaya na Bomet watu hawakupunguza kufanya kazi. Wengi waliacha vibarua vya kulimia wengine wakaanza shughuli zao. Utafiti mwingine wa Siaya, uliohusu zaidi ya familia 10,000 zilizopewa takriban dola 1,000 kila moja, ulionyesha kwamba kila dola iliyoingia iliongeza uchumi wa eneo kwa karibu dola mbili na nusu, na bei hazikupanda kwa kiwango cha kusumbua. Na mpango wetu wenyewe wa mayatima, ulipotathminiwa, ulionekana kuongeza masomo ya sekondari na kuwafanya vijana wa familia hizo wachelewe kuanza ngono. Hayo hayafanani na uvivu. Yanafanana na watu waliopata pumzi.

Mwaka wa 2020 ndio uliotuonyesha kwa uchungu msaada usio na mfumo unavyokuwa. Tarehe 10 Aprili ya mwaka huo, ugawaji wa chakula katika ofisi za utawala Kibera uligeuka kuwa msongamano. Polisi wakarusha vitoa machozi na watu wengi wakaumia, wengine wakikanyagwa. Chakula kilikuwepo na nia njema ilikuwepo. Kilichokosekana ni watu kujua kwamba hata wasipofika mapema, sehemu yao ipo. Baadaye serikali ikaanza kutuma shilingi 1,000 kwa wiki kwa familia zilizochaguliwa katika mitaa ya mabanda. Ripoti ya Human Rights Watch ya Julai 2021 ilieleza kwamba ni sehemu ndogo tu ya familia zilizohitaji jijini ndizo zilizofikiwa, kwa muda mfupi, na kwamba vigezo havikutangazwa wazi, kukawa na upendeleo wa jamaa na marafiki. Watu wengi hawakuambiwa kwa nini jirani amepata na wao wamekosa. Mashaka ya namna hiyo hayaishi mradi unapoisha. Yanabaki katika uhusiano wa watu wa ploti moja.

Hapa ndipo linapoingia pingamizi ambalo nalipa uzito mkubwa: kwamba kila orodha ya maskini italiwa, kwa hiyo afadhali orodha zisiwepo. Nakubali kwamba watu wetu wana sababu za kuziogopa orodha. Kipande cha enzi ya ukoloni kiliandikisha wanaume ili wasiweze kumwacha mwajiri. Wanubi wa Kibera walipigania vitambulisho kwa miongo mingi, hadi vyombo vya Umoja wa Afrika vikaamua mwaka wa 2011 na tena 2015 kwamba Kenya iliwabagua. Mwaka wa 2018 watu wa Kibera walioishi kwenye njia ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata walihesabiwa kwa ahadi ya mpango wa makao, lakini tarehe 23 Julai nyumba zikabomolewa kabla mpango haujakamilika. Hata hivyo, hitimisho la kuzikataa orodha si sahihi. Orodha zitakuwepo tu, kwenye daftari la mzee wa mtaa au kwenye simu ya msaidizi wa mheshimiwa, na hizo za kificho ndizo zinazolisha mabroka. Broka hula kwa sababu ya kutojulikana. Anauza habari ya lini fomu zinakuja, anauza nafasi, anauza ahadi ya kusukuma jina. Bibi wa miaka 70 hahitaji broka kujua kama anastahili. Cheti cha kuzaliwa au kitambulisho kinasema. Kigezo kikiwa rahisi na tarehe ikiwa imebandikwa ukutani, broka hupungukiwa na bidhaa. Zanzibar ilielewa hilo ilipoanzisha pensheni jamii Aprili 2016: kila mkazi wa miaka 70 na zaidi, shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi, bila dodoso la umaskini. Kiwango kilikuwa kidogo na baadaye kikaongezwa. Ila tangu siku ya kwanza kila mtu aliweza kueleza nani anastahili.

Linganisha na njia tuliyoichukua katika bima ya afya tangu Oktoba 2024. Mtu asiye na mshahara anaulizwa maswali kuhusu paa, sakafu, choo na mifugo, kisha kompyuta inakisia kipato chake na kumpangia mchango, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, na kwa kawaida anatakiwa kuulipa wa mwaka mzima kwa pamoja. Sina ugomvi na wazo la mwenye nacho kuchangia zaidi. Lakini nyumba ya kupanga ya mawe huko Riruta yenye chumba kimoja, maji ya bomba la ploti na umeme wa kushirikiana inaweza kuonekana ya mtu mwenye uwezo ukilinganisha na nyumba ya udongo ya kijijini, na aliyemo ndani hajui kama atapata kibarua kesho. Kukisia umaskini wa mjini kwa vitu vya nyumbani ni kupima kitu kisicho chenyewe, na anayepimwa vibaya hana mahali pa karibu pa kulalamika.

Kuna pengo kubwa kuliko yote, nalo ni la familia ya kawaida kabisa ya Kawangware: watu wazima wawili wenye nguvu, watoto watatu, hakuna mzee wa miaka 70, hakuna yatima, hakuna mwenye ulemavu. Hawamo katika Inua Jamii. Hawamo katika mpango wa kukabili njaa wa kaunti kame za kaskazini. Kinachowafikia ni mikopo. Tangu 2006 serikali zote, bila kujali chama, zimemjibu maskini wa mjini kwa kumkopesha, na Hazina ya Hustler ilianza na viwango vya kuanzia shilingi 500 vya kurudishwa ndani ya siku 14. Mkopo ni mzuri kwa mwenye mapato yanayojulikana. Kwa asiye nayo unaongeza tarehe nyingine ya kudaiwa bila kuongeza tarehe ya kupokea. Familia hii inahitaji kazi, na pale ambapo kazi ya kawaida haipatikani, inahitaji kazi ya umma inayodumu.

Kazi Mtaani ilikaribia kuwa hiyo. Ilianza Aprili 2020 katika mitaa michache ya mabanda, na awamu ya pili ikachukua zaidi ya vijana 280,000 nchi nzima kwa bajeti ya takriban shilingi bilioni 10. Malipo ya awamu hiyo yalikuwa shilingi 455 kwa siku, siku 11 kwa mwezi kwa zamu, yaani kama shilingi 5,000. Yalitumwa kwa simu, si kwa bahasha ya msimamizi, na kazi ilikuwa pale pale mtaani: mitaro, takataka, vyoo, njia za miguu. Walioidharau walisema kwamba kufagia si ajira. Wangefanya vizuri kuitazama Addis Ababa, ambako mpango wa aina hii ulipelekwa mtaa kwa mtaa kwa kura ya wazi, na watafiti wakalinganisha mitaa iliyotangulia na iliyosubiri. Waligundua kwamba mpango haukuwafaa walioajiriwa peke yao. Kwa kuwa watu wengi walikuwa na siku kadhaa za kazi za uhakika karibu na nyumbani, waajiri binafsi walilazimika kulipa zaidi, na makadirio ni kwamba ulipoenea mji mzima mishahara ya sekta binafsi ilipanda kwa karibu asilimia 19. Fikiria maana yake Kawangware: mama fua mwenye siku 11 za uhakika anaweza kukataa kufua nguo za familia nzima kwa shilingi 300. Nguvu hiyo ya kukataa haimo katika mkopo wowote.

Kura ya wazi nayo si jambo dogo. Nafasi zikiwa 200 na wanaostahili 2,000, hakuna njia ya haki ya kuchagua iliyo bora kuliko kuchota majina hadharani kwenye baraza, mbele ya watu wote, na kutangaza kwamba waliokosa wako mbele katika awamu ijayo. Chifu mwema angefurahi kuondolewa mzigo wa kulaumiwa. Na anayekosa anaondoka na kitu, yaani nafasi yake katika foleni inayosonga.

Swali la fedha ni halali. Kuifanya kazi ya mtaani iwe ya kudumu katika miji kungegharimu mabilioni kila mwaka, wakati nchi inadaiwa na walipa kodi wamechoka. Maandamano ya Juni 2024 yaliwaonyesha viongozi uchovu huo. Sidai kwamba fedha zimelala mahali. Nadai kwamba tayari tunazitumia, kwa vipande. Kila mradi mpya hugharimu uzinduzi, uandikishaji, mafunzo ya maafisa, matangazo na mfumo wake wa kompyuta, kisha unatupwa. Kwa kuwa haudumu, hauzai lile badiliko la mishahara na mipango ya familia ambalo ndilo faida yake kuu. Afadhali nafasi chache ambazo kila mtu anajua zipo mwaka hadi mwaka kuliko laki kadhaa za miezi sita. Tuna mfano hapa hapa Nairobi. Dishi na County, iliyoanza 2023, humpa mtoto wa shule ya umma chakula cha mchana kwa shilingi tano, akigusisha kikuku chake kwenye kifaa. Kwa kila sahani si msaada mkubwa. Mzazi anajua kwamba kesho saa ya mchana mtoto atakula, na kwa uhakika huo anaweza kukubali kibarua cha mbali. Kasoro yake ni kwamba watoto wengi wa Kibera na Kawangware wako katika shule ndogo za binafsi za mitaani, kwa sababu za umma hazitoshi, na kikuku hicho hakiwafikii.

Nimefika kwenye huduma ya ajira, na hapa pingamizi ni gumu kuliko yote: kama kazi hazipo, ofisi ya kutafutia watu kazi ina faida gani? Tuna Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kwa sheria ya 2016, nayo ina tovuti ya kuandikisha wanaotafuta kazi. Wakazi wengi wa mitaa hii hawaijui, na wanaoijua hawajui kama aliyeandikishwa huitwa. Kazi hupatikana kwa ndugu, kwa kanisa au msikiti, kwa kusimama langoni, kwa biro za wafanyakazi wa nyumbani zinazodai ada, na kwa mawakala wa Ghuba ambao baadhi yao wameziingiza familia kwenye hasara na majonzi. Nakubali kwamba hakuna dawati linalozaa ajira. Lakini dawati linaweza kupunguza gharama ya kuitafuta, na gharama hiyo ndiyo inayomfungia nje maskini. Addis Ababa, vijana waliorudishiwa nauli ya kwenda katikati ya mji kutafuta kazi walipata kazi za kudumu zaidi kuliko wenzao. Wengine waliofunzwa namna ya kuandika barua za maombi na kupewa vyeti vinavyothibitisha ujuzi wao walionekana, miaka minne baadaye, kuwa na kipato kikubwa kuliko ambao hawakufunzwa. Kwetu, cheti cha tabia njema peke yake ni shilingi 1,050, zaidi ya malipo ya siku mbili za Kazi Mtaani, kabla ya nauli, picha na kuchapisha karatasi. Kijana anayekosa fedha hizo hahesabiwi kama aliyekataa kazi, lakini kwa mwajiri matokeo ni yale yale.

Dawati ninalolitaka liwe katika kila wadi, si kwenye tovuti peke yake wala katikati ya jiji. Kibra ina Huduma Centre, na ni ushahidi kwamba huduma ya serikali inaweza kukaa karibu na watu na kufanya kazi. Riruta na Kawangware zinastahili hata chumba kimoja chenye maafisa wawili. Msaada na ajira viwe mezani pamoja, kwa sababu ni familia moja inayouliza yote mawili. Afisa aweze kumwambia bibi malipo yake yatatoka lini, na mjukuu wake ni kazi gani zimetangazwa Kilimani wiki hii, nauli itarudishwaje, na kwamba kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani Nairobi kiliwekwa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi Novemba 2024. Hilo la mwisho mabosi wengi wa Lavington hawapendi lijulikane, na wafanyakazi wengi hawajawahi kuambiwa. Mtu akihama kutoka Gatina kwenda Kabiria, jina lifuate nambari ya kitambulisho chake, lisianze upya kwa chifu mwingine. Wapo wanaohofia kwamba huduma nzuri mjini itavuta watu kutoka mashambani. Watu huja Nairobi kutafuta maisha. Hawajawahi kusubiri dawati, na wala hawatakuja kwa ajili ya siku 11 za kuzibua mitaro.

Pa kuanzia papo. Kazi Mtaani iliacha majina zaidi ya 280,000 ya vijana, kila moja na kitambulisho, nambari ya simu na mtaa wake, na rekodi ya malipo ya kila siku ambayo mwenye jina aliifanyia serikali kazi. Sijui orodha nyingine ya watafuta kazi wa mijini nchini mwetu iliyojaribiwa kwa vitendo kiasi hicho. Mamlaka ya Ajira iichukue, kwa idhini ya wenye majina, iwapigie simu kuwauliza wako wapi sasa na wanajua kufanya nini, na iwape waliofanya kazi barua inayoeleza walifanya nini na kwa muda gani, barua ambayo msimamizi wa mjengo au meneja wa kampuni ya usafi anaweza kuisoma na kuiamini. Huenda wengi wao bado wana laini zile zile, kwa sababu ndiko malipo yalikoingilia.